Muziki Ukae Nyumbani: Seva ya Programu Huria na Kaseti za Wazee Wetu

Mada kwa semina ya mafundi na vijana, Kipawa, Dar es Salaam



Nimeombwa nieleze namna ya kusimika seva ya muziki nyumbani kwa programu huria. Nitaeleza, na niseme mapema kwamba kusimika kwenyewe ni kazi ya jioni moja. Muda wangu mwingi nitautumia kwenye kazi inayoanza kesho yake asubuhi, kwa sababu hapo ndipo nilipokwama mimi na ndipo ninapowaona wengi wakikwama: kuandika nani anaimba.

Kwanza tuone muziki wenyewe ulikohifadhiwa. Ukitoka hapa Kipawa ukaifuata Barabara ya Nyerere kuelekea mjini, unapita majengo ya redio ya TBC. Zamani redio hiyo iliitwa Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Katika miaka ya 1970 nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi iliyotaka kurekodi ilikwenda studio ya RTD, na iliyotaka santuri ilivuka mpaka hadi Nairobi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya muziki wa dansi wa enzi ile haikupata kuuzwa dukani. Iliishi kwenye kanda za redio, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 Tanzania Heritage Project iliingia kwenye juhudi za kuzihamishia kanda zile kwenye dijitali.

Ila kuna hifadhi ya pili ambayo haijawahi kuwekwa kwenye hesabu. Baba zetu walikaa karibu na redio kaseti, kidole kwenye kitufe, wakisubiri mtangazaji amalize. Kaseti hizo ndizo zilizobaki kwenye makabati yetu, na Kipawa zimepata misukosuko kuliko kwingine. Wenzetu wengi walihama kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege. Walihesabu vitanda, mabati na masufuria. Mimi najua sanduku moja la kaseti lililopandishwa kwenye gari siku ya kuhama na halikushushwa.

Kijana atauliza, si tuziingize kwenye flashi yaishe? Ichomeke hiyo flashi kwenye kompyuta usome majina. Utakuta AUD, tarehe, WA0003. Utakuta «Track 01» mara kumi na nne. Nyimbo zimehifadhiwa, wenyewe wamepotea. Tena flashi husikilizwa na mmoja, huazimwa, na hairudi. Seva ni kompyuta moja inayokaa nyumbani ikiwa na nyimbo zote, na kila simu au kompyuta yenye waifai ndani ya nyumba inaweza kuchota kutoka humo. Mama jikoni anasikiliza taarabu, mtoto chumbani anasikiliza singeli, na hakuna anayemzuia mwenzake.

Halafu kuna bando. Muziki wa MP3 wa kilobiti 128 kwa sekunde ukisikilizwa mtandaoni hula kama MB 58 kwa saa. Msikilizaji wa saa tatu kwa siku anamaliza zaidi ya GB 5 kwa mwezi, na nyumba ya watu watano piga mwenyewe. Muziki unaotoka kwenye seva ya sebuleni unapita kwenye ruta yako tu, hata kama bando limekwisha.

Umeme nao una hesabu yake. Kompyuta ya mezani ya zamani, ya wati 80, ikiwaka usiku na mchana inakula uniti 57 na ushee kwa mwezi. Kwa nyumba iliyo kwenye kundi la nafuu lisilozidi uniti 75, hiyo ni seva iliyobakiza taa na pasi tu. Kompyuta mpakato ya mtumba, hata yenye kioo kilichopasuka, inatosha, na betri yake ikiwa nzima inaishikilia LUKU inapokata. Raspberry Pi hutumia takribani wati 5, yaani uniti 3.6 kwa mwezi. Ukiichagua, usiache mfumo na kanzidata kwenye kadi ndogo ya memori. Umeme ukikatika ghafla wakati kadi inaandikwa, utaamka na kadi mbovu. Weka diski ya SSD.

Sasa kusimika. Mimi natumia Debian, mfumo huria ulioanza mwaka 1993, na juu yake programu moja nyepesi iitwayo Navidrome. Wapo wanaopenda Jellyfin kwa sababu inabeba na filamu. Sina ugomvi nao, ila kwa muziki peke yake ni mzigo mkubwa kwa mashine ndogo. Hatua ni fupi: simika Debian bila madoido ya skrini, tengeneza folda ya muziki, simika Navidrome, ielekeze kwenye folda hiyo. Ipatie mashine anwani isiyobadilika kwenye ruta. Kisha kwenye simu fungua kivinjari, andika anwani hiyo ikifuatiwa na nukta mbili na 4533. Anayejisajili wa kwanza ndiye msimamizi, basi uwe wewe. Programu nyingi za simu zinaelewana nayo, ikiwemo Ultrasonic ambayo nayo ni huria. Hapa Kipawa tuna kituo cha TEHAMA cha VETA, mafundi hatukosi, na atakayekwama hapa atasaidiwa.

Nisisitize neno huria. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, hakikuwa na haja ya kuomba ruhusa ya kampuni yoyote, kwa sababu chanzo cha programu kilikuwa wazi. Ndivyo ilivyo hapa. Mwenye huduma ya kulipia akiamua kesho kuondoa wimbo au kupandisha bei, huna la kufanya. Seva yako haiondoi kitu usichokiondoa wewe.

Kuhamisha kaseti ni ufundi wa mikono. Safisha hedi ya redio kwa spiriti na pamba. Ipeleke kaseti mbele hadi mwisho kisha irudishe, mkanda ulegee. Iliyokwama tumia kalamu ya Bic kama tulivyofanya zamani. Unganisha redio na kompyuta kwa waya kupitia kadi ya sauti ya USB. Angalia kadi hiyo ipokee sauti pande zote mbili, kwani nyingi za bei rahisi hupokea upande mmoja. Rekodi kwa programu ya Audacity, biti 24, kilohezi 48, hifadhi kama faili la FLAC. Kaseti ya dakika 60 haifikishi hata GB 1. Seva yenyewe inaweza kuipunguza inapotuma kwenye simu. Nawaomba sana msiweke simu mbele ya spika. Tuko chini ya njia ya ndege, na nimesikiliza wimbo mzuri wa Marijani Rajabu ambao katikati yake kuna ndege inatua. Kwenye waya ndege haiingii.

Nimefika kwenye kazi yenyewe. Navidrome haisomi jina la folda. Inasoma lebo zilizoandikwa ndani ya faili: mwimbaji, albamu, mwaka, mtunzi. Programu hizi zimetengenezwa na watu ambao muziki wao huja kwa albamu. Wetu haukuja hivyo. Bendi iliingia studio ikarekodi nyimbo kadhaa, redio ikazipiga, basi. Albamu haipo. Mwanzoni niliacha nafasi hiyo wazi, na seva ikazimwaga nyimbo mia tatu kwenye kapu moja lisilo na jina. Siku hizi naandika bendi na kipindi mahali pa albamu.

Bendi nazo hubadili majina. NUTA Jazz iliyoanza 1964 ikaja kuwa Juwata, kisha OTTU, kisha Msondo Ngoma. Kwa mashine, hizo ni bendi nne zisizojuana. Na wanamuziki huhama. Muhiddin Maalim Gurumo aliimba NUTA, mwaka 1978 akawa miongoni mwa walioanzisha Mlimani Park, baadaye akaenda Safari Sound, akarudi Msondo. Ukiandika jina la bendi peke yake, sauti ya Gurumo umeigawa vipande. Ukiandika la Gurumo peke yake, umewafuta wapiga magita na wapuliza tarumbeta. Naandika bendi kwenye nafasi ya msanii wa albamu, mwimbaji kwenye nafasi ya msanii, na mtunzi kwenye nafasi yake, na matoleo ya karibuni ya Navidrome yanakuwezesha kumtafuta mtu kwa nafasi hizo. Nyumba ikubaliane pia juu ya tahajia. Marijani na Marijan, Mwinshehe na Mwishehe, kwa kompyuta ni watu tofauti.

Majina haya huwezi kuyapata mtandaoni yote. Gurumo alifariki mwaka 2014. Mbaraka Mwinshehe alishatutoka tangu Januari 1979. Wanaoweza kusikia sauti na kusema «huyu ni fulani, aliimba akiwa na mafua siku ile» ni wazee walioketi ukumbini. Mimi humwekea baba yangu mdogo spika, nakaa na daftari, yeye ananitajia. Kwa jioni moja tunamaliza nyimbo kumi, na kumi hizo hazitarudiwa tena.

Kuhusu sheria: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inatoa nafasi ya nakala kwa matumizi binafsi ya nyumbani. Kuifungua seva kwa mtaa mzima, au kupigia baa na saluni, ni jambo jingine na lina kibali chake. Wanamuziki hawa wengi hawakuvuna kilichostahili. Panapouzwa kazi yao, tununue. Kwa sababu hiyohiyo na kwa usalama, usiifungue seva kwa intaneti nzima. Unayesafiri, shusha nyimbo kwenye simu ungali kwenye waifai ya nyumbani.

Na nakala: diski moja haitoshi. Nunua ya pili, ijaze, ipeleke kwa ndugu anayekaa mbali. Yangu iko Morogoro kwa dada, na kila Krismasi naibadilisha.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kila mshiriki aliombwa aje na kaseti moja. Yangu hii hapa. Upande wa A umeandikwa kwa mwandiko wa baba. Upande wa B haukuandikwa kitu, na wimbo wake wa tatu una mwimbaji nisiyemfahamu, sauti nyembamba, anaingia baada ya saksafoni. Nawaomba wazee msogee mbele karibu na spika. Daftari ninalo.