Kutunga Hadithi: Maneno kwa Wanaoanza

Jioni hii tumekusudia kusema nanyi habari za kutunga hadithi, hasa ninyi mlio na daftari na kalamu, mwatamani kuandika, wala hamjui pa kuanzia.

Watu wengine hudhani kwamba kutunga hadithi ni kusema uwongo. Sivyo. Mwongo huficha kwamba amebuni. Mtungaji hafichi, naye hubuni ili tuone vema jambo lililo kweli. Wengine hudhani kwamba hadithi ni mahubiri yaliyovikwa nguo. Hilo nalo ni kosa, na ndilo tunalotaka kulisema zaidi, kwa sababu sisi walimu ndio tuliolipanda.

Na tuitazame hadithi moja ya zamani iliyosimuliwa Unguja, ambayo Edward Steere aliipiga chapa katika kitabu chake cha mwaka 1870. Masikini mmoja alikuwa akichakura jaani apate riziki. Siku moja akaokota thumuni, akanunua paa. Kumbe paa yule alikuwa na akili na kusema. Akamtafutia bwana wake mke, binti wa sultani, na nyumba kubwa, na mali tele. Kisha paa akaugua. Bwana wake alipopata habari akaamuru apikiwe uji wa mtama mbaya. Paa akafa, akatupwa kisimani. Na yule bwana? Alijikuta jaani tena, akichakura kama kwanza.

Angalieni nguvu ya uji ule. Msimulizi angaliweza kutueleza kwa maneno mengi ubaya wa mtu asiye na shukrani, nasi tungalisikia na kusahau. Lakini uji ule hatuusahau.

Basi, anayeanza na ashike mambo haya.

Kwanza, chagua mtu mmoja, umpe haja moja, kisha umwekee kizuizi. Msichana ametumwa dawa ya nduguye mgonjwa, na mto umefurika: hapo hadithi imekwisha kuanza. Mto usipofurika, una safari tu, huna hadithi.

Pili, tuonyeshe tendo. Usiandike, "Mzee yule alikuwa mchoyo." Andika kwamba mgeni alipobisha hodi, mzee alifunika chungu, kisha ndipo akaitikia. Msomaji atasema mwenyewe, "Lo, mchoyo huyu!" Na neno alilolisema mwenyewe hulishika kuliko neno aliloambiwa.

Tatu, anza na mahali unapopajua. James Mbotela, katika kitabu chake Uhuru wa Watumwa cha mwaka 1934, hakwenda mbali kutafuta habari. Alieleza utumwa na ukombozi wa watu waliokaa Freretown, karibu na Mombasa, na hao walikuwa wazee wake. Nawe, kisima cha kwenu, soko la kwenu, ugomvi wa mpaka wa shamba, vyote vyatosha.

Nne, hadithi ikiisha, nyamaza. Katika jambo hili sisi wenyewe tulikosa, na yatupasa kukiri.

Mwanafunzi mmoja aliandika hadithi ya mtoto aliyerudi nyumbani wakati wa likizo. Akaona kamba ya mbuzi imefungwa mtini, na mbuzi hayupo. Mtoto akakumbuka karo yake iliyolipwa muhula ule. Hakuuliza neno. Akaifungua kamba, akaikunja vizuri, akaitundika ndani. Basi, hadithi ikaisha. Nasi tukaandika chini yake kwa wino mwekundu: "Funzo li wapi?" Tukampa alama chache, tukamwambia aandike tena, asizidishe ukurasa mmoja.

Alikuwa kijana mtiifu. Akaandika tena, akaisoma mbele ya darasa. Safari hii alitia mistari kumi na miwili ya kuwashukuru wazazi, na ili ipate nafasi aliiondoa kamba. Wenzake wakaanza kukohoa na kutazama dirishani. Alipomaliza, rafiki yake aliyeisoma ile ya kwanza akamwuliza, "Mbona kamba umeiondoa?" Akatutazama sisi, asijibu. Nasi hatukuwa na jibu.

Alama zake hatukumrudishia, na hilo latuuma hata leo. Kwa hiyo twawasihi walimu wenzetu: mtoto akileta kamba, msimdai mahubiri. Nanyi wanafunzi, msiogope kuiacha kamba ilipo.

Kesho jioni, kazi za nyumbani zikiisha, andikeni ukurasa mmoja tu: mtu mmoja, haja moja, kizuizi kimoja, na tendo moja la mwisho. Kisha msomeeni bibi yenu, bila kumweleza maana yake. Akiuliza, "Kisha ikawaje?" jueni mmeanza vema.

Kwa herini.