Mtoto Si Chombo cha Kugawana: Mahakama Inapochunguza Malezi

Ninyi mliohama mkapata kujihifadhi katika nyumba za watu, na ninyi mashefu wa mitaa mnaogongewa mlango usiku kuamua ugomvi, mazungumzo ya leo ni yenu hasa.

Tunasema juu ya watu wawili walioachana, na kila mmoja anamvuta mtoto upande wake. Pengine utaniuliza: hilo ni jambo la nyumba ya mtu, linahusu nini na amani ya mji? Wale waliokuwa hapa mwaka 1992 na 1993 hawataniuliza.

Wakati ule mkoa wetu uliitwa Shaba. Watu wenye asili ya Kasai, wengine wao wamezaliwa hapa hapa, watoto wa wafanyakazi wa Gécamines na wa reli, waliambiwa warudi kwao. Machi 1993 zamu ya Kolwezi ikafika. Familia zilikaa stesheni na katika madarasa ya shule zikingoja treni, ipite Tenke, ipite Kamina, iwafikishe Mwene-Ditu. Wengi walikufa wakingoja, wengine njiani. Na kulikuwa na nyumba zilizochanganyika: baba Mluba wa Kasai, mama Msanga au Mruund, au kinyume chake. Hapo swali likaingia: watoto wamfuate nani? Swali liliulizwa kwa kabila, likajibiwa kwa kabila. Mtoto mwenyewe hakuulizwa ni mkono wa nani anaoushika akiogopa.

Msifikiri ni habari ya zamani. Watu wa Kasai wanaendelea kuja Lualaba kutafuta kazi za migodi, wanaoa, wanaolewa, wanaachana. Na wako pia wenyeji waliohamishwa kwa sababu mgodi umepanuka mpaka mlangoni pao, kama ilivyowapata watu wa Cité Gécamines hapa mjini. Nyumba ikivunjwa, mara nyingine ndoa nayo hutikisika, na fidia huleta ugomvi wake.

Sasa sikilizeni jinsi ugomvi wa mtoto unavyowaka. Kwa Waluba wa Kasai, mtoto ni wa ukoo wa baba. Kwa Wandembu, na kwa Wabemba wa upande wa Sakania, ukoo hupita kwa mama, na mjomba ana sauti kubwa. Kila upande ukisimama juu ya desturi yake, kila upande una haki, na kikao hakiishi. Halafu mtu mmoja atatamka: mahari haikumalizika, kwa hiyo mtoto ni wetu. Mimi mwenyewe nimekaa katika vikao vya namna hiyo, na zaidi ya mara moja nilitoka nikikumbuka majina ya koo zote mbili, jina la mtoto nimelisahau.

Sheria inauliza swali lingine. Nchi yetu ilikubali Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, ile ya kumlinda mtoto, inasema kwamba katika kila uamuzi juu ya mtoto, faida yake itangulie. Inataja mambo ya kutazamwa: mahitaji yake ya moyo na ya mwili, umri wake, afya yake, mahali anapoishi na watu anaoishi nao. Inasema pia kwamba mtoto mwenye kufahamu mambo ana haki ya kutoa maoni yake, na maoni hayo yafikiriwe. Desturi ina heshima yake, lakini desturi haijui kama mtoto analala usingizi.

Talaka inasikilizwa na mahakama ya amani, na hakimu hujaribu kwanza kupatanisha. Ikishindikana, na wazazi wanashindana vikali, hakimu anafanyaje? Yeye hakai kwenu. Anasikia maneno mawili yasiyopatana. Ndipo anaweza kuagiza uchunguzi. Katika nchi zenye wanasaikolojia wengi, mtaalamu hukutana na kila mzazi peke yake, tena zaidi ya mara moja. Humtazama mtoto akiwa na baba, kisha akiwa na mama. Huongea na mwalimu na mganga. Mwisho huandika ripoti. Hapa kwetu wanasaikolojia ni wachache, na mzigo huo mara nyingi unabebwa na mfanyakazi wa jamii, yule tunayemwita asistanti sosiali. Ripoti si hukumu. Hakimu anaisoma, anaipima pamoja na mengine, ndipo anaamua. Na wewe mzazi unaweza kuomba ujue imesema nini, ukajibu.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo familia iliyohama inapoumia. Tuseme baba ana kazi katika kampuni ya mgodi, ana nyumba ya matofali na umeme. Mama alipoteza nyumba, anakaa chumba kimoja kwa dada yake, anauza makala na unga. Mchunguzi akija alasiri moja tu, ataona kwanza godoro lililo chini. Lakini godoro halisemi ni nani aliyekesha mtoto alipopata malaria, wala ni nani anayejua kwamba mtoto hali kitu akiwa na huzuni. Umaskini si malezi mabaya. Mashefu, mkiulizwa, lisemeni hilo waziwazi. Wala msigeuze jambo hili kuwa la mama daima. Baba anayechimba kwa mikono, anayerudi jioni na vumbi mwili mzima, anaweza kuwa ndiye mtoto anayemkimbilia.

Kuna jambo lingine. Mzazi mmoja yuko Kolwezi na mtoto, mwingine yuko Mbuji-Mayi. Mchunguzi anamwona huyu tu. Ripoti ya namna hiyo ni jicho moja. Aliye mbali asinyamaze: aandike barua, aeleze mtoto aliishije kwake, ataje mwalimu na majirani waliomwona, aombe hakimu atafute maelezo kwa mahakama ya huko. Naye aliye na mtoto asimfiche kwa shangazi wa Dilolo ili mchunguzi asimpate. Kumficha mtoto nako ni ushahidi, na ni ushahidi mbaya.

Na maneno ya kufundishwa? Mwaka 1985 daktari wa akili wa Marekani, Richard Gardner, aliandika juu ya mtoto anayegeuzwa na mzazi mmoja amkatae mwingine, akalipa jambo hilo jina kama la ugonjwa. Mahakama nyingi zikalipokea. Mwaka 2023 Reem Alsalem, mjumbe maalum wa Umoja wa Mataifa juu ya ukatili dhidi ya wanawake na wasichana, alizitaka nchi zikataze hoja hiyo katika kesi za familia, kwa kuwa imetumiwa kuwageuzia kesi akina mama waliosema wamepigwa. Mimi nakubaliana naye. Mtoto akimwogopa baba, kwanza uliza kama ana sababu. Penye kipigo, asiyepiga hana deni la kueleza kwa nini mtoto anakimbia.

Lakini msijifiche nyuma ya maneno hayo. Hapa kwetu mtoto hafundishwi kumchukia baba tu, hufundishwa kulichukia kabila la baba, na kabila hilo ni nusu ya damu yake. Mwaka 1992 Wakasai waliitwa bilulu, yaani wadudu. Mtoto wa nyumba iliyochanganyika akilisikia neno hilo kwa nkambo wake, akiwa anakula sahani moja naye, amejua kwamba nusu yake ni mdudu. Hayo mchunguzi mzuri atayasikia katika kucheza kwa mtoto, hata kama ninyi mmenyamaza.

Ninyi mashefu, mtaitwa kutoa maelezo. Semeni mliyoyaona kwa macho, na siku mliyoyaona: mtoto alikwenda shule au hakwenda, alionekana na majeraha au hapana, nani alimpeleka hospitali. Ya kusikia semeni ni ya kusikia. Mkipewa bia au fedha na upande mmoja, rudisheni kabla ya kuongea.

Nanyi wazazi, wekeni tayari cheti cha kuzaliwa kama kipo, karatasi za shule na za hospitali. Kama vilibaki katika nyumba iliyovunjwa, leteni mtu anayejua. Nyumba isipambwe kwa vitu vya kuazima. Na mchunguzi akiomba kuongea na mtoto peke yake, tokeni nje wote, hata nkambo. Akiondoka, msimwulize mtoto alisema nini. Mpeni chakula, aende akacheze.