Dawa Haiendi Nyumbani Peke Yake
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Longisa)



Sisi tulio wauguzi katika chama hiki tumeombwa tuseme machache juu ya kazi yetu. Twashukuru, maana jambo hili lahusu kila nyumba.

Mwaka 1937 Tenwek ilianza kama zahanati ndogo. Leo ni hospitali kubwa, na hapa Longisa tunayo hospitali ya rufaa ya kaunti. Lakini mgonjwa hulala hospitalini siku chache, kisha huuguzwa nyumbani muda mrefu, na mara nyingi anayemwuguza huko hakufundishwa neno lolote.

Tazameni kifua kikuu. Dawa zake za kawaida hutumiwa miezi 6. Baada ya majuma machache kikohozi hupungua, na mchuma chai hurudi kwenye kikapu chake. Wenziwe humwambia, "Umekwisha pona, dawa za nini tena?" Hapo ndipo penye hatari. Akiziacha, vijidudu vilivyosalia huweza kuwa sugu. Ugonjwa ukirudi huwa mgumu kuuponya, na huweza kuwapata watoto wanaolala naye chumba kimoja.

Tena kuna mtoto anayeharisha. Wengine humnyima maji, wakidhani tumbo litatulia. Sivyo, kinachomwua ni kukaukiwa na maji mwilini. Apewe dawa ya chumvi na sukari itolewayo zahanati. Ikikosekana, chukueni lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Anywe kidogo kidogo, wala asiachishwe kunyonya. Akilegea, macho yakididimia, au akitoa damu, apelekwe hospitali mara moja.

Na mzee aliyepooza yafaa ageuzwe kila saa 2, na ngozi yake iwe safi na kavu, asije akapata vidonda vya kulalia.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kwanza, siku mgonjwa anaporuhusiwa kurudi nyumbani, yule atakayemwuguza awepo. Pili, kabla ya kuondoka aeleze kwa maneno yake mwenyewe aliyoyasikia, hata kwa Kikipsigis. Kuuliza mara ya pili si aibu. Tatu, ninyi wazee mwendapo kumjulia hali mgonjwa, msiishie kwenye salamu. Ulizeni: anatumia dawa gani, mara ngapi kwa siku, na mpaka lini?

Neno la muuguzi kijana laweza kupuuzwa mlangoni pa hospitali. Neno la mzee hufuatwa hata jikoni. Basi tusaidieni kulifikisha huko.