Kurudi nyumbani baada ya kisu na dawa
Mazungumzo na akina mama na akina baba wa parokia, juma la jubilei, Lubumbashi



Kamati ya jubilei iliponiomba niseme mbele yenu, iliniuliza nitasema juu ya nini. Nilijibu: juu ya ziwa langu la kushoto, ambalo sinalo tena. Katibu aliweka kalamu chini. Baadaye aliandika katika programu «Mazungumzo juu ya afya ya mama». Simlaumu. Mimi mwenyewe nilikaa karibu mwaka mzima nikiwaambia watu kwamba nilipasuliwa «kifuani», kana kwamba kitu kilichoondolewa pale hakina jina.

Sikuja kuwafundisha namna ya kuutambua ugonjwa. Mwuguzi wetu atasema hayo siku ya posho, naye anajua kuliko mimi. Nakumbusha tu kwamba, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, katika mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waliambiwa kwamba wana kansa ya ziwa. Wanaume nao huipata, ingawa ni wachache sana. Kwa hiyo akina baba wasitoke nje. Mimi nataka kusema juu ya wakati usiosemwa: kidonda kimekauka, chupa ya mwisho ya dawa imekwisha, majirani wamekuja kushukuru pamoja nanyi, wamekula, wamekwenda zao. Siku ile nyumba yote husema: mama amepona. Yeye peke yake anajua kwamba ndiyo kwanza anaanza.

Nianze na mkono, maana mkono ndio uliosema nami kwanza. Nilipoamka baada ya upasuaji nilikuwa nimefungwa kitambaa kipana kifuani, na ubavuni ilitoka mipira miwili myembamba iliyochukua maji ya kidonda na kuyamwaga katika chupa ndogo. Nilitembea na chupa zile siku tisa, nimezifunga kiunoni chini ya kitenge kama mtu anayeficha fedha. Ngozi ya upande wa ndani wa mkono, kutoka kwapani mpaka karibu na kiwiko, ilikuwa imekufa ganzi: nikiigusa, ni kama nagusa mkono wa mtu mwingine. Mishipa midogo ya fahamu hupita kwapani, pale pale panapotolewa tezi, ndiyo sababu. Kwa wengine ganzi huondoka polepole, kwa wengine hubaki. Kwangu kimebaki kipande cha ukubwa wa kiganja, nasi tumezoeana.

Shangazi yangu alikuja kutoka kijijini, akaniambia: «Mwanangu, usiusogeze mkono huo. Ukiusogeza, kidonda kitapasuka na mkono utakufa.» Hakusema kwa ujinga. Katika ujana wake alimwona mama aliyepasuliwa kwa njia ya zamani, na mkono wa mama yule haukuinuka tena. Njia ile, iliyoenezwa na mganga William Halsted wa Marekani mwishoni mwa karne ya 19, iliondoa ziwa pamoja na misuli mikubwa iliyo chini yake na tezi zote za kwapa. Ilitawala miaka mingi sana. Majaribio yaliyoanzishwa mwaka 1971 na Bernard Fisher na wenzake ndiyo yaliyoonyesha kwamba wanawake walioachiwa misuli yao waliishi sawa na wale walioondolewa yote. Kwa hiyo misuli yangu ipo. Lakini msuli uliokosa kazi hukakamaa kama ngozi ya mbuzi iliyosahauliwa juani, na hapo shangazi, kwa upendo wake wote, alikuwa anataka kunipeleka.

Nilifundishwa kazi ndogo ndogo. Siku za kwanza, kufungua na kufumba vidole, kukunja kiwiko, kuchana nywele, maana nywele zilikuwa bado zipo. Mipira ilipoondolewa na kidonda kiliposhikana, nilisimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole polepole, kama buibui anavyopanda, mpaka pale panapovuta, pasipo kufika pale panapopasua. Binti yangu alichora mstari wa makala ukutani kila siku ya Mungu. Mistari ile ingaliko nyuma ya mlango wa jiko. Baba watoto amekataza kupaka chokaa mahali pale. Wa kwanza uko chini ya bega langu. Wa kumi na nne uko pale ambapo sasa natundika ungo.

Lakini kipimo changu cha kweli kilikuwa bukari. Ninyi mnajua: sufuria ya watu wanane, unga ukianza kushikana, mwiko hautaki mkono wa salamu, unataka bega. Mwezi wa pili nilijaribu. Nikafika nusu, nikaketi chini nikilia, na mwiko umesimama wima katikati ya sufuria. Mdogo wangu akaniambia: «Yaya, anza na uji.» Nikaanza na uji wa watoto, nikaenda kwa bukari ya watu wawili, kisha ya wanne. Sufuria ya wanane niliimaliza mwezi wa saba. Sombe sijaitwanga tena. Si kwamba nimekatazwa. Vijana wangu wameushika mchi, nami siwanyang'anyi.

Jambo jingine juu ya mkono. Tezi za kwapa hupitisha maji ya mwili kama mifereji. Zikiondolewa, maji hukosa njia, na mkono unaweza kuvimba, pengine baada ya miezi, pengine baada ya miaka. Kwa hiyo navaa glavu nikilima bustani, nikijikata nasafisha mara moja, na mkono ukiwa mwekundu na wa moto siketi kungoja kesho. Zamani wagonjwa waliambiwa wasibebe kitu maisha yao yote. Leo inajulikana kwamba kazi inayoongezwa kidogo kidogo, kwa uangalizi, haileti uvimbe. Taabu ni kukaa miezi sita bila kushika hata kikombe, kisha usiku mmoja kubeba ndoo ya lita 20 kwa sababu bomba la mtaani limekumbuka kutoa maji.

Sasa dawa. Nilipewa dawa ya mshipani mara sita, kila baada ya siku 21. Katika juma la tatu nywele zilibaki juu ya mto. Kwetu kichwa cha mwanamke kilichonyolewa ni alama ya kilio. Katika soko la Kenya mama muuza ndakala alinishika mkono: «Pole, mama. Nani amekufa?» Nikasema: «Hakuna.» Akanitazama kama mtu anayesikia uongo, akaniongezea samaki kiganja kimoja bure. Nywele zilirudi miezi miwili baada ya dozi ya mwisho, laini na zenye kujikunja kama za mtoto mchanga. Ganzi ya nyayo ilikawia zaidi. Tena nilikuwa nikisahau: naingia chumbani, nasimama, sijui nimefuata nini. Nilidhani ninapata wazimu. Hata hilo ni la dawa na la uchovu, na kwa wengi hupungua kadiri miezi inavyopita. Laiti mtu angaliniambia mapema.

Hapa naomba baba wanisikilize. Katika mji wetu kila homa ni malaria mpaka ishindikane. Lakini dawa hizi huua pia askari weupe wa damu, na kwa kawaida wao huwa wachache kabisa kati ya siku ya saba na ya kumi na nne. Homa ya digrii 38 katika siku hizo si ya kutibiwa nyumbani. Mimi ilinikuta siku ya kumi baada ya dozi ya pili. Nyumbani walinipa vidonge vya malaria, wakanifunika blanketi, wakasema nilale. Jirani yetu mzee, mwuguzi aliyestaafu, alikuja kuomba chumvi. Akanigusa paji la uso, akatazama kalenda ukutani, na chumvi akaisahau. Usiku ule ule nilipelekwa hospitali nikawekewa dawa ya kuua vijidudu. Hata kama ni malaria kweli, hospitali itapima na kutibu. Nunueni kipimajoto, nacho kikae mahali ambapo hata mtoto anajua.

Kwenye benchi la kungojea nilikaa mara tatu na mama mmoja wa Ruashi. Tuliitana «pacha», maana yeye aliondolewa la kulia na mimi la kushoto. Tukicheka tulisema kwamba sisi wawili ni mwanamke mmoja kamili na nusu. Mara ya nne hakuja. Jamaa wake walikaa wakasema: kidonda kimekauka, ziwa halipo, ugonjwa ulikuwa ndani ya ziwa, kwa nini kumlipia mtu mzima dawa inayomtapisha? Sisemi kwamba ni watu wabaya. Walikuwa wameuza cherehani yake kwa ajili ya dozi tatu za kwanza, na watoto walikuwa wanafukuzwa shuleni. Alirudi baada ya mwaka mmoja na nusu, mgongo unamuuma, kikohozi hakimwachi. Tulimzika katika miezi ya baridi.

Jibu ambalo jamaa wale hawakupewa ni hili: kisu huondoa kile ambacho mkono unakiona, lakini mbegu ndogo zinaweza kuwa zimekwisha kutembea katika damu. Mwaka 1976 mganga Gianni Bonadonna wa Milano alionyesha kwamba wagonjwa waliopewa dawa hata baada ya ziwa kuondolewa, walirudiwa na ugonjwa wachache kuliko wale waliopewa kisu peke yake. Dozi ya nne, ya tano na ya sita ndizo zinazowafuata hao wasioonekana. Kila jumuiya hapa inajua kuchanga kwa ajili ya jeneza. Fedha hupatikana kwa usiku mmoja. Nimewahi kuuliza katika mkutano kwa nini hatuchangi kwa ajili ya dozi ya nne. Nilijibiwa kwamba jambo hilo litachunguzwa. Leo nauliza tena mbele ya wengi zaidi.

Kuna pia wanaohitaji mionzi. Kwa miaka mingi nchi yetu haikuwa na mashine inayofanya kazi, na wenye uwezo walivuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Lusaka, ambako hospitali ya kansa ilifunguliwa mwaka 2007. Nayo imepata siku zake za mashine kusimama. Mtu asipande basi kabla mganga wake hajaulizia.

Baada ya mwili, ulimi. Katika juma la kwanza watu wawili walinitajia kwa sauti ya chini jina la mtu anayenila. Mmoja alikuwa tayari na mahali pa kunipeleka. Nilikuwa dhaifu, na mtu dhaifu hupenda apate wa kumshitaki. Nilimchukia jirani asiye na kosa muda wa miezi miwili. Sikumwambia, lakini nilikataa chakula chake. Nimekwenda kumwomba radhi. Yeye hakujua lolote, ila alikuwa amejiuliza kwa nini sahani zake zilirudi zimejaa.

Na mume. Nimepata ruhusa yake kusema haya, naye ameketi pale, anatazama viatu vyake. Tuliporudi kutoka hospitali alitandika mkeka chini akalala huko. Miezi mitano. Mimi nilijua sababu: ananichukia, kifua changu kinamtisha. Nikaanza kuvaa nikiwa gizani. Usiku mmoja umeme ulirudi ghafla, akaniona, nikajifunika. Akauliza: «Kinauma bado?» Nikasema: «Hakiumi tangu zamani.» Akasema: «Nilikuwa naogopa nitakuumiza usingizini.» Miezi mitano, ndugu zangu, kila mtu na sababu yake. Waganga hutueleza mengi juu ya kidonda, lakini sijasikia aliyemwita baba kando na kumwambia siku ambayo anaweza kurudi kitandani. Ulizeni ninyi wenyewe.

Mwanzoni nilijaza upande mtupu kwa kifuko cha mtama. Uzito ni wa lazima: ukikaa upande mmoja tu, bega hupanda na mgongo huuma. Lakini mwezi wa kumi na mbili mvua ilininyeshea njiani, na baada ya siku tatu watoto walikuwa wanatafuta panya aliyekufa ndani ya nyumba. Panya alikuwa mimi. Kisha nilisikia juu ya mama mmoja mshonaji wa Thika, nchini Kenya, aliyepona ugonjwa huu huu na kuanza kufuma maziwa ya nyuzi za sufi kwa ajili ya wenzake. Mdogo wangu anafuma. Tulijaribu mara nne. La kwanza lilifanana na kofia. La nne ndilo ninalovaa sasa, nimelishonea kifuko cha kokoto laini ndani kwa ajili ya uzito, nalo linafuliwa na kukauka.

Hofu haijaisha. Nikiumwa kichwa siku mbili, nasikia sauti ya pacha wangu. Nameza kidonge cha tamoksifeni kila jioni. Niliambiwa miaka 5, na wengine huambiwa 10. Nimebakiza miezi minne, kisha mganga ataamua. Nitakwenda kumwona. Sitaamua mwenyewe kwa sababu najisikia vizuri.

Mimi na mdogo wangu tutakuwa chini ya mwembe, nyuma ya sakristia, kila siku ya posho baada ya Misa ya asubuhi. Tuna nyuzi, tuna sindano, na maziwa sita yaliyokwisha tayari, makubwa na madogo. Anayetaka kuja na mumewe, aje naye. Anayeona haya, amtume mtoto aseme kwamba anataka «kofia», tutaelewa.