Waifai Isiyofika Chumbani: Jinsi ya Kufunga Ekstenda na Kurekebisha Hitilafu Zake

(Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi katika kikao cha mafunzo ya matumizi ya intaneti nyumbani)

 

Siku hizi huduma nyingi za serikali zimehamia mtandaoni. Mkazi anaomba cheti cha kuzaliwa kupitia eCitizen, anawasilisha ripoti ya ushuru kupitia iTax kabla ya Juni 30, na mtoto aliyemaliza kidato cha nne anachagua kozi ya chuo kupitia tovuti ya KUCCPS. Kwa hiyo familia nyingi zimeamua kulipia intaneti ya nyumbani kila mwezi. Tatizo ni kwamba waifai inashika vizuri sebuleni peke yake. Chumbani ambako mtoto anasomea, hakuna kitu. Jikoni inakuja na kupotea.

Hapo ndipo mwenye nyumba anaposhauriwa anunue ekstenda, ambayo wengine huiita busta. Ni kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya stima ili kupanua eneo la waifai. Kinasaidia kweli. Lakini wako wengi waliokinunua, wakakichomeka, wasione tofauti, na sasa kimelala kabatini. Mara nyingi kifaa hakina kasoro. Kimewekwa mahali pasipofaa.

Ekstenda hufanya nini?

Fikirieni baraza la chifu lenye watu wengi na lisilo na kipaza sauti. Walio nyuma hawasikii. Basi mtu mmoja anasimama katikati, anasikiliza maneno ya chifu na kuyarudia kwa sauti ili walio nyuma wayapate. Ekstenda ni huyo mtu wa katikati. Inapokea mawimbi kutoka kwa ruta na kuyarusha mbele.

Akisimama mahali ambapo naye hasikii vizuri, atarudia maneno nusunusu. Na chifu akinyamaza, hana la kurudia. Ekstenda haitengenezi intaneti na haiongezi kasi unayolipia. Kosa la kawaida ni kuichomeka ndani ya kile chumba kisicho na mtandao. Pale haisikii ruta, kwa hiyo haina cha kupeleka.

Pima kabla ya kununua

Chukua simu, zima data ya simu, ubaki na waifai peke yake. Simama karibu na ruta na ufungue video. Ikikwama ukiwa hapo hapo, shida haimo katika umbali. Huenda malipo ya mwezi yamekwisha, au laini ya mtoa huduma ina hitilafu. Ekstenda haitakusaidia. Na kama ruta yako inatumia laini ya simu, ijaribu kwanza karibu na dirisha, kwa sababu huenda yenyewe ndiyo inayokosa mawimbi ya mnara.

Video ikienda vizuri, tembea polepole kuelekea chumba chenye shida, ukiangalia ni wapi inaanza kukwama. Angalia pia kilichopo njiani. Kuta nene za mawe au matumbawe hupunguza mawimbi. Mabati, milango ya chuma, vioo vikubwa na friji huyazuia au kuyarudisha. Tangi la maji huyameza. Pengine ruta yenyewe imefichwa nyuma ya televisheni au ndani ya kabati. Itoe, iweke juu na mahali pa wazi, kisha upime tena. Baadhi ya nyumba hazihitaji kununua chochote.

Ukiamua kununua, hakikisha kifaa kinakubali volti 240 zinazotumika Kenya na kina plagi ya miguu mitatu ya soketi zetu. Vifaa vya mawasiliano vinavyouzwa nchini vinatakiwa kuwa vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, kwa hiyo muulize muuzaji. Dai risiti na uitunze.

Kuifunga hatua kwa hatua

Anza kwa kuchomeka ekstenda katika chumba kimoja na ruta. Hapo si mahali pake pa kudumu, ila ni rahisi kuziunganisha zikiwa karibu. Subiri dakika moja au mbili hadi taa itulie.

Njia ya kwanza ni kitufe kilichoandikwa WPS. Kama ruta yako inacho, kibonyeze, kisha ubonyeze cha ekstenda kabla dakika mbili hazijaisha. Taa ya ekstenda ikionyesha kwamba imeunganishwa, umemaliza.

Kama ruta haina kitufe hicho, tumia simu. Zima data ya simu, kisha tafuta katika orodha ya waifai jina la ekstenda, ambalo limeandikwa kwenye kibandiko chake. Jiunge nalo. Simu itakuonya kwamba hakuna intaneti. Usishtuke, na usitoke. Fungua kivinjari, andika anwani iliyo kwenye kibandiko hicho, na ukurasa wa ekstenda utafunguka. Baadhi ya watengenezaji hukutaka upakue programu yao kwenye simu, nayo hukuongoza hatua hizo hizo.

Utaombwa kuweka nenosiri la kusimamia kifaa. Kisha chagua jina la waifai ya nyumbani na uandike nenosiri lake. Kuwa makini, kwa sababu herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja. Watu wengi hukwama hapa kwa sababu simu imeweka herufi kubwa mwanzoni bila wao kujua.

Baada ya hapo ing'oe na uipeleke mahali pake: takriban nusu ya njia kati ya ruta na chumba chenye shida, na kabla ya pale video ilipoanza kukwama. Korido ni bora kuliko nyuma ya kochi. Ekstenda haisahau mipangilio ikizimwa, kwa hiyo huna haja ya kuanza upya. Usiichomeke chini ya paa linalovuja, wala kwenye waya wa soketi nyingi uliokwisha kujaa.

Ikikataa kufanya kazi

Taa ikiwa nyekundu au ya rangi ya chungwa, mara nyingi maana yake ni kwamba iko mbali mno. Isogeze karibu na ruta, soketi moja baada ya nyingine. Soma karatasi iliyo kwenye boksi, maana rangi hutofautiana kulingana na mtengenezaji.

Simu ikionyesha imeunganishwa lakini haina intaneti, jiunge na ruta moja kwa moja. Kama nayo haina, mpigie mtoa huduma. Kama inayo, zima vyote viwili, washa ruta kwanza, subiri ikae sawa, ndipo uwashe ekstenda. Hali hii hutokea stima ikipotea na kurudi, kwa sababu ekstenda inaweza kuamka kabla ruta haijawa tayari.

Ikiwa ilifanya kazi jana na leo imekataa kabisa, uliza nyumbani kama kuna aliyebadilisha nenosiri la ruta. Ekstenda bado inatumia lile la zamani. Tafuta kitundu kidogo kilichoandikwa Reset, kibonyeze kwa kijiti chembamba kwa sekunde kumi hivi, kisha uifunge upya.

Ikiwa haiioni waifai yako, angalia masafa. Ruta nyingi hutumia gigahezi 2.4, inayofika mbali na kupenya kuta vizuri zaidi, na gigahezi 5, yenye kasi zaidi lakini isiyofika mbali. Ekstenda ya gigahezi 2.4 pekee haiwezi kuona mtandao wa gigahezi 5.

Ikiwa inafanya kazi lakini polepole, kumbuka yule mtu wa baraza: hawezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja. Ekstenda inayopokea na kurusha kwa masafa yale yale hupoteza karibu nusu ya kasi. Usiunganishe ekstenda ya pili nyuma ya ya kwanza, kwani kasi itapungua tena. Ikiwezekana, vuta kebo ya mtandao kutoka kwa ruta hadi kwa ekstenda yenye tundu la kebo, kisha uibadilishe mipangilio itumie kebo hiyo. Kwa nyumba yenye kuta nene, hiyo ndiyo dawa ya uhakika.

Na kama simu imeng'ang'ania ruta ya mbali ilhali uko kando ya ekstenda, zima waifai ya simu na uiwashe tena.

Usalama wa nyumba yako

Ukipanua waifai, umeipeleka pia hadi kwa jirani na barabarani, hasa kwa wanaoishi kwenye ploti. Usiache mtandao bila nenosiri. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, na ubadilishe nenosiri la usimamizi lililotoka kiwandani. Wageni wape mtandao wa wageni kama ruta yako inao. Vijana nao wajue kwamba kuingia kwenye mtandao wa mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018.

Wakazi waheshimiwa, kabla hujamlipa fundi, jiulize mambo matatu. Je, intaneti iko sawa ukiwa kando ya ruta? Je, ekstenda imekaa mahali inapoisikia ruta vizuri? Je, nenosiri ililonalo ndilo la sasa? Mara nyingi jibu linapatikana hapo, na pesa zako zinabaki mfukoni.

Kuuliza si ujinga. Aliyebeba ekstenda yake ailete hapa mezani tuifunge pamoja.