Msaada wa pesa na mipango ya familia zetu, Masisi na Walikale



Mmetuomba tuzungumze juu ya msaada wa pesa: kwa nini mashirika mengine yanatoa noti mahali pa maharagi, mafuta na shiti, na pesa hiyo inafanya kazi gani ikishaingia nyumbani. Tutaanza na tuliyoyaona. Mwishoni tuna neno gumu kidogo kwa viongozi, nao tunawaomba wasitoke kabla ya kulisikia.

Wengi mnakumbuka safari ya msaada huku kwetu. Kwanza kulikuwa na magari ya vitu: sufuria, blanketi, sabuni, kila nyumba sawasawa, hata nyumba yenye sufuria tatu. Kisha, tangu 2008 hivi, yakaja masoko ya kuponi, ambapo wachuuzi wanapanga bidhaa siku moja na familia inachagua. Halafu ikaja pesa yenyewe.

Kambi ya Bihito, karibu na Masisi mjini, wengi mnaijua. Mwaka 2011 na 2012 shirika la Concern Worldwide lilitoa pale msaada wenye thamani ya dola 130 kwa kila familia. Familia nyingine zilipata kuponi, nyingine pesa taslimu, thamani ileile. Mtafiti Jenny Aker alifuata familia 474 ili kuona tofauti. Waliopata pesa walinunua vitu vya namna nyingi zaidi. Waliopata kuponi walinunua kilicholetwa sokoni siku ile, na wengi walirudi na chumvi nyingi, kwa sababu chumvi haiozi. Katika chakula na hali ya maisha, tofauti kubwa haikuonekana kati ya makundi mawili. Lakini kutoa pesa kulilitoka shirika gharama ndogo kuliko kupanga masoko ya kuponi. Wale waliosema kwamba mwenye njaa akipewa noti ataipoteza tu, Bihito haikuwaunga mkono.

Sisi tunaotembea vijijini tunaongeza jambo moja ambalo hesabu za chakula hazilioneshi vizuri. Familia yenye kuponi inapanga siku ya soko. Familia yenye pesa inaanza kupanga msimu.

Angalieni shamba. Masisi ina ardhi nzuri, lakini sehemu kubwa ni malisho ya ng'ombe ya watu wachache, na aliyehama hana hata mita moja. Anakodi kipande kwa msimu mmoja. Kama hana franga, analipa kwa mkono: analima kwanza siku kadhaa kwa mwenye shamba, ndipo ageukie kipande chake. Mnajua matokeo. Mvua ya Septemba imekwisha kuanza, jirani amekwisha panda, yeye bado yuko kwenye shamba la mwenzake. Maharagi yake yanachelewa, yanakutana na mvua kubwa, yanaoza. Mtu huyohuyo akipata pesa ya kukodi mwezi wa nane, anapanda pamoja na wengine. Pesa ile ilimnunulia mbegu, na pia ilimnunulia zile siku za kulima.

Kwa hiyo tarehe ya kutoa pesa ina uzito sawa na kiasi chenyewe. Ikifika Agosti, kabla ya msimu A, au Januari, kabla ya msimu B, sehemu yake inaingia ardhini. Ikifika Novemba, wakati ghala ni tupu, yote inaliwa, na hakuna wa kulaumiwa: tumbo haliwezi kungoja mavuno. Tunaliambia kila shirika jambo hili. Mengine yanasikia, mengine yana kalenda ya wafadhili wao.

Na hata Agosti si rahisi. Septemba ndiyo mwezi wa mbegu na ndiyo mwezi wa shule. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali hazidai tena minerval, ni nafuu kubwa. Lakini daftari na nguo za shule bado zinanunuliwa, na sekondari inalipwa. Tumeona nyumba ambamo baba anataka mbegu, mama anataka mtoto aingie darasa la saba, au kinyume, na noti ziko katikati ya meza. Hatuji kuwaamulia. Tunachoomba ni mazungumzo hayo yafanyike kabla ya siku ya kupokea. Pesa ikishafika, anayeishika ndiye anayeamua, na ugomvi unaofuata tunausikia mpaka ofisini.

Kuna deni pia. Watu wanaona haya kutuambia kwamba pesa ya kwanza ilikwenda dukani kulipa unga wa miezi miwili. Msione haya. Mwenye duka aliyelipwa atakukopesha tena mwezi mgumu, na mara nyingi yeye ni mwenyeji, wa jamii nyingine kuliko yako. Deni lililolipwa linajenga ujirani kuliko semina zetu nyingi za amani, na tunasema hivyo sisi wenyewe tunaoziandaa.

Mipango inafuata usalama vilevile. Katika nchi yenye utulivu mtu angenunua mbuzi. Hapa mbuzi analia usiku, naye ni wa kwanza kuchukuliwa. Basi mama mmoja wa Nyabiondo alituambia anafuga simbilisi ndani ya nyumba, na pesa inayobaki anaiweka katika AVEC, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Mwingine alinunua cherehani ya mkono, kwa sababu inabebeka kichwani. Anayejua kwamba huenda atakimbia hununua kinachobebeka. Hatuwezi kumwambia mtu kama huyo apande kahawa, ambayo itamngojesha miaka mitatu.

Walikale ni hesabu nyingine. Huko misitu ni mingi, muhogo na mawese vinapatikana, lakini barabara ni mbaya na kabla ya vita vya 2025 bidhaa nyingi zilizoea kushuka kwa ndege ndogo pale Kilambo, juu ya lami. Sabuni na chumvi zilikuwa na bei ya ndege. Tena kuna machimbo: tangu mawe ya bati yalipogunduliwa Bisie mwaka 2002, pesa ya machimbo imepandisha bei za Njingala na Mubi. Kiasi kinachotosha Masisi kinaisha haraka Walikale. Lakini soko la kuuza liko pia: mama akinunua bidoni ya mawese kijijini na kuiuza kwa wachimbaji, anaweza kuizungusha pesa mara kadhaa kabla ya mwezi kwisha. Vijana tunawaomba wafikiri mara mbili. Wengine wanachukua pesa ya familia kama nauli ya kwenda kwenye shimo, wakitumaini bahati.

Sasa maneno machache juu ya noti zenyewe. Dola yenye mpasuko mdogo kama ukucha haipokelewi sokoni, mnajua. Ikague mbele ya anayekupa, uirudishe palepale. Kwa simu, namba ya siri si ya wakala wala ya kiongozi wa bloku, hata kama macho yako hayaoni vizuri. Mlete mtoto wako mwenyewe. Na tujifunze kutoka mwaka 2025. Mapigano yalipofika Goma mwishoni mwa Januari, banki zilifunga milango, na noti zikawa adimu. Mtu alikuwa na pesa ndani ya simu lakini ili aishike mkononi alikatwa sehemu kubwa. Februari ileile maelfu ya familia waliondoka kambi za pembeni mwa Goma, wengi wakirudi Masisi, na msimu B ulikuwa unaanza. Waliokuwa na franga kidogo mkononi walitafuta mbegu. Wengine walirudi kulima kwa mkono kwenye mashamba ya watu.

Tunakuja kwa viongozi. Mnajua tunataka kusema nini.

Orodha. Mwaka 2020 wanahabari wa The New Humanitarian walionesha jinsi baadhi ya wafanyakazi wa misaada, wafanyabiashara na viongozi wa mahali walivyoandika wahamaji wa uongo huku mashariki ya Kongo ili kugawana pesa. Huku sote tunaijua kwa jina lake, opération retour: nakuandika, ukipata unirudishie sehemu. Familia inayokatwa dola 20 haikosi dola 20 tu. Mpango wake ulikuwa wa kiasi fulani, na mara nyingi kinachoanguka ni kile cha mwisho, yaani mbegu. Na wakati watu wanapoona jina la mtu asiyehama liko kwenye orodha na la mjane halipo, hawasemi kwamba kiongozi fulani ameiba. Wanasema jamii fulani imependelewa. Hapo ndipo sisi watu wa amani tunaogopa. Machi 1993 vita vilivyoteketeza Masisi vilianzia sokoni, Ntoto, upande wa Walikale. Soko ndipo tunapokutana sote, na ndipo tulipovunjika.

Kwa hiyo tunaomba mambo yafuatayo, nayo yawezekana. Orodha isomwe kwa sauti mbele ya watu, siyo ibandikwe tu kwa wasiojua kusoma. Familia iliyopokea wageni ndani ya nyumba yake ihesabiwe pia, maana imegawa sufuria yake tangu siku ya kwanza. Chefu akiwa shahidi wa mkataba wa kukodi shamba, aandike miezi na mpaka, ili mwenyeji asichukue maharagi yakiwa yamekomaa. Tumeona kesi za namna hiyo zikifika kwenye panga. Na wale wanaodai lala salama wasipewe tarehe ya ugawaji na mtu aliyekaa kwenye kikao chetu.

Tuna dakika arobaini kabla ya mvua. Maswali. Tuanze na akina mama wa upande huu, maana mara iliyopita wanaume walimaliza saa yote.