Usianike Dawa ya Macho Juani

 

Mwaka jana mdogo wangu aliugua macho. Asubuhi kope zilikuwa zimegandamana kwa usaha. Kituo cha afya kikampa kichupa cha kloramfenikoli, antibayotiki ya matone. Kila asubuhi mama alikiweka dirishani kipate jua, ili mtoto asishtuke kwa tone la baridi. Siku nne zikapita, macho bado mekundu. Sisi tukasema dawa ni mbovu.

Muuguzi aliuliza neno moja tu: "Mama, dawa mnaiweka wapi?"

Kisha akatueleza. Mwanga wa jua huivunja kloramfenikoli, ikageuka vitu vingine visivyoua vijidudu. Joto nalo huiharibu. Na usiipime kwa kuitazama: dawa inaweza kubaki safi kama maji, kumbe nguvu imepungua.

Mama aliinama, akasema, "Kumbe nilikuwa ninamtilia maji." Alipewa kichupa kingine, na mtoto akapona.

Sasa sisi wenye nyumba za turubai, bila friji, tufanyeje?

Kwanza, unapopewa dawa, mwambie muuguzi kwamba huna friji. Atakuelekeza, au atakupa dawa nyingine inayostahimili joto.

Pili, acha kichupa ndani ya boksi lake. Boksi si takataka, ndilo kivuli chake. Kiweke mahali penye giza na ubaridi kuliko pote nyumbani, mbali na jiko, mbali na mikono ya watoto.

Tatu, ukitaka kupunguza baridi ya tone, shika kichupa kiganjani dakika moja.

Nne, andika tarehe uliyokifungua. Siku 28 zikiisha, usikitumie tena, hata kama kina dawa.

Tano, usinunue dawa ya macho iliyopangwa juani sokoni.

Dawa yako ikishapigwa na jua, usiongeze matone. Irudishe kituoni. Na mtoto mchanga akitoka usaha machoni, au mtu akiumwa sana jicho au kuona ukungu, aende siku hiyohiyo.

Mama ameniruhusu niwasimulie haya, maana anajua si yeye peke yake. Leo ukifika nyumbani, tazama dirishani kwako. Kwaherini.